Magazeti yakinyamaza: jinsi ya kupima video, barua na sauti kabla hujaisambaza wala kuifuta

Nina stesheneri ndogo Kihonda, Morogoro. Mashine moja ya kutoa kopi, printa mbili, meza ya kuchapia barua. Kabla ya hapo nilikuwa mwandishi wa mkoa wa kujitegemea kwa miaka kumi na moja, wale tunaolipwa kwa habari iliyotoka. Gazeti nililokuwa nikiliandikia likafungiwa, na kwa mwandishi wa namna yangu gazeti likifungwa na chungu kimefungwa. Nikafungua duka. Lakini watu wa mtaa hawakusahau, na mpaka leo wanakuja na simu mkononi: "Mama Tatu, hebu itazame hii. Ni kweli?"

Ijumaa ya Oktoba 31, 2025 alikuja kijana wa bodaboda. Ilikuwa siku ya tatu tangu uchaguzi, na intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima tangu Jumatano. Nilikuwa nimefungua mlango nusu. Alikuwa na video mbili, amerushiwa kwa Bluetooth na dereva wa lori aliyelala Msamvu, stendi yetu kuu ya mabasi. Ya kwanza askari wanakimbiza watu barabarani, na aliyemrushia alimwambia ni Ubungo, Dar es Salaam. Nikazima sauti, nikaitazama tena bila kuwaangalia askari. Nikaangalia magari. Yalikuwa yanapita upande wa kulia wa barabara. Nyuma yao kulikuwa na duka lenye kibao "Pharmacie". Hiyo si Ubungo. Hiyo haiko hata kwenye nchi hii.

Kijana akaguna. "Basi hata hii nyingine uongo. Nafuta zote."

Nikamshika mkono. Sababu ya kuandika mwongozo huu ni sekunde zile. Watu wengi wanadhani kupima habari ni kazi ya kukamata uongo. Ni nusu tu ya kazi. Pale ambapo gazeti linaweza kufungiwa na mtandao ukazimwa, video ya uongo ikikaa jirani na ya kweli huiua ya kweli. Ukiikamata moja, unazitupa zote mbili, na aliyetaka kimya amekipata bila jasho. Kwa hiyo ninachokufundisha hapa ni kuokoa ya kweli, na kuitambua ya uongo ni njia ya kufika huko.

Tazama pembeni, usitazame tukio

Tukio ndilo linalokupandisha moyo, na moyo ukipanda macho hayaoni. Zima sauti. Itazame mara ya kwanza nzima, mara ya pili tazama kingo za picha tu.

Anza na barabara. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto. Congo, Rwanda na Burundi wanaendesha kulia. Swali hilo peke yake limenitatulia video nyingi kuliko programu yoyote. Kisha namba za magari. Kwetu gari la mtu binafsi lina kibao cha njano, la biashara kibao cheupe, pikipiki huanza na MC, la polisi na PT. Za Kenya huanza na K, za Uganda na U. Daladala imeandikwa njia yake usoni. Simamisha video usome. Teksi za Uganda ni nyeupe zenye vipande vya bluu ubavuni. Polisi wa Kenya walianza kuvaa bluu mwaka 2018, kwa hiyo video ya "maandamano ya Nairobi ya wiki hii" yenye polisi waliovaa sare za zamani ikufanye uulize ni ya mwaka gani. Kibao cha "Duka la Dawa Muhimu" ni chetu, na "Wakala" kwenye kibanda chenye rangi za mitandao yetu ya simu unakijua mwenyewe.

Baada ya mahali, tafuta wakati. Hapa ndipo uongo mwingi unapojificha, kwa sababu video nyingi za uongo ni video za kweli zenye tarehe ya uongo. Nyasi ni kavu au mbichi? Udongo umelowa? Mabango ya wagombea ni ya uchaguzi upi? Ukiona sura ya mgombea wa 2020 kwenye nguzo, usikimbilie kusema ni ya 2020, maana mabango huwa yanabaki mpaka yachanike. Lakini ukiona bango hilo la zamani bado jipya, linang'aa, bila tundu hata moja, ndiyo unaanza kuuliza.

Intaneti ikiwepo, piga picha ya skrini sehemu tatu tofauti za video na uziweke Google Lens au TinEye, zinazotafuta kama picha hiyo ilishawahi kutokea mtandaoni. Usichague sehemu yenye moshi au umati, moshi wa kila mahali unafanana. Chagua yenye jengo, kibao, au mlima. Sisi wa Morogoro tuna Uluguru, inatusaidia sana. Kama picha hiyo hiyo ilishatokea mtandaoni mwaka juzi, umemaliza. Kama haijatokea, hujathibitisha kitu, umejua tu kwamba haijaonekana kabla. Watu wanachanganya hayo mawili kila siku.

Mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp inaonyesha umepitia mikono mitano au zaidi. Mishale hiyo haisemi ni kweli wala uongo. Inasema kwamba aliyekutumia hajui ulikotoka, hata akikuapia.

Barua

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu barua ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kwa wiki hazikosi mbili tatu za uongo zinazokuja dukani kuchapwa: nafasi za kazi, majina ya waliochaguliwa, "Taarifa kwa Umma". Wanaozileta si matapeli. Ni mama aliyetumiwa na mtoto wake, mwalimu aliyeipata kwenye kundi la shule.

Wiki chache kabla ya uchaguzi alikuja dada mmoja anataka kopi arobaini za tangazo abandike kanisani na sokoni. Lilisema vituo vya kupigia kura kwenye kata kadhaa vimehamishwa. Nembo ya Taifa ipo, muhuri upo, sahihi ipo. Juu limeandikwa "Tume ya Taifa ya Uchaguzi (NEC)". Nikamwuliza, dada, hiyo tume bado ipo? Tangu Aprili 2024 inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, INEC. Aliyetengeneza lile tangazo alichukua kichwa cha barua ya zamani akabadilisha maneno ya chini. Zile kopi arobaini zingeweza kuwapeleka watu wazima, waliopanga foleni tangu alfajiri, kwenye shule isiyo na sanduku la kura.

Kwa hiyo soma kichwa cha barua kwanza, kabla ya habari yenyewe. Wizara zetu zinabadilishwa majina na watengenezaji wa uongo hawafuatilii. Sekta ya habari peke yake ilihamia Wizara ya Habari, Mawasiliano na Teknolojia ya Habari mwaka 2021, na Desemba 2024 ikarudi kwa Utamaduni, Sanaa na Michezo. Barua ya 2025 yenye jina la wizara la 2022 ina kasoro. Ofisi za wizara ziko Dodoma, Mji wa Serikali Mtumba. Barua mpya yenye anuani ya zamani ya Dar es Salaam ina kasoro. Tazama Nembo ya Taifa: kama imevutwa mpaka yule mwanamume na mwanamke wa pembeni wamenenepa, mtu ameivuta kwa kidole kwenye simu. Maneno ya utepe yawe "Uhuru na Umoja" na yasomeke. Tazama "Kumb. Na.", yaani namba ya kumbukumbu, kisha tarehe, kisha ufungue kalenda: ni siku gani? Jumapili si uthibitisho wa uongo, serikali huandika hata Jumapili ikibidi, lakini tangazo la ajira la Jumapili usiku lina maswali.

Tazama muhuri. Muhuri wa kweli unapigwa kwa mkono, unainama, wino unakolea upande mmoja. Muhuri ulionyooka kama umechorwa kwa rula, na maandishi ya barua yanaonekana yamekaa juu yake badala ya chini yake, umebandikwa na kompyuta. Siku hizi zipo barua halali zenye sahihi na muhuri wa kidijitali, kwa hiyo hili lisikutoshe peke yake. Liongeze kwenye mengine.

Na kama kuna mahali barua inakuomba utume hela "ya fomu", usipoteze muda wako kwenye muhuri.

Kurasa za mbele za magazeti nazo hutengenezwa. Dawa yake ni rahisi: redio zetu husoma vichwa vya magazeti kila asubuhi. Kama ukurasa huo ni wa Jumanne, na hakuna redio iliyousoma Jumanne, na muuza magazeti wa stendi hana nakala, basi haukuchapwa. Tofautisha tu na gazeti la kweli lililochapa habari ya uongo, maana nalo hutokea. Agosti 2021 Uhuru, gazeti la chama tawala lenyewe, lilisimamishwa siku 14 kwa kuandika kwamba Rais Samia hana nia ya kugombea 2025. Ukurasa ule ulikuwa halisi kabisa.

Tiki siyo kiapo, kanusho siyo ushahidi

Mei 20, 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi Tanzania kwenye X ilidukuliwa. Ikaweka picha chafu, na ikatangaza kwamba Rais amefariki. Ilikuwa akaunti yenyewe, jina lenyewe, wafuasi wenyewe. Mtandao wa X ukafungwa nchini. Aliyeuliza "imetoka akaunti rasmi?" alijibiwa ndiyo, na bado ilikuwa uongo. Swali la pili lilikuwa "ofisi nyingine imesema hivyo?" Kifo cha Rais hakiwezi kutangazwa na akaunti moja huku redio ya taifa ikipiga muziki.

Lakini kuna upande wa pili, na ningekuwa nakudanganya kama nisingeusema. Rais Magufuli alionekana hadharani mara ya mwisho Februari 27, 2021. Watu wakaanza kuuliza. Ijumaa ya Machi 12 Waziri Mkuu Majaliwa, akiwa Njombe, aliwaambia waumini msikitini kwamba Rais yuko salama na anaendelea na kazi. Kuna raia walikamatwa kwa kusema mtandaoni kwamba anaumwa. Jumatano ya Machi 17 tukatangaziwa amefariki. Siku zile nilijifunza kuandika "serikali imekanusha" badala ya "si kweli". Ni sentensi mbili tofauti. Ukisikia kanusho, liandike pamoja na jina la aliyelitoa, mahali na tarehe, halafu endelea kuuliza.

Kimya cha magazeti nacho usikisome kama jibu. Tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, gazeti linaishi kwa leseni, na mhariri anayeamka na leseni mezani anajua thamani yake. Mawio, MwanaHalisi, Mseto na Tanzania Daima yalikaa nje ya meza ya muuza magazeti kwa miaka, mpaka Februari 2022 yaliporudishiwa leseni. Oktoba 2024 The Citizen na magazeti wenzake walisimamishiwa leseni za mtandaoni siku 30. Septemba 2025 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikalisimamisha jukwaa la mtandaoni la JamiiForums siku 90, na siku ya kupiga kura ilikuwa ndani ya hizo 90. JamiiForums ndio wenye JamiiCheck, mahali ambapo mimi na wateja wangu tulikuwa tunapeleka barua za mashaka. Mahali hapo pakifungwa una wapima habari wengine, Nukta Fakti, Africa Check, PesaCheck, na una idhaa za BBC, DW na RFI kwa Kiswahili. Nunua redio ndogo ya betri. Nasema hivi nikiwa nimeshinda siku sita bila intaneti.

Piga simu, uulize kama mtu asiyejua

Hiki ndicho kifaa bora kuliko vyote, na hakihitaji bando. Tafuta watu watatu walio karibu na mahali pa tukio, wasiojuana. Muuza duka, mwalimu, fundi pikipiki. Ukikosa watatu, wawili. Usiwaulize "Ni kweli wamechoma kituo?" Ukiuliza hivyo umeshampa habari, naye atakurudishia habari yako ikiwa imenona. Uliza: "Shikamoo mama, hapo kwenu leo kumeamkaje?" Kisha nyamaza. Mswahili atazunguka kwenye hali ya hewa na bei ya unga, usimkatize, atafika.

Sikiliza vitenzi. "Wanasema", "inasemekana", "tumesikia" ni mlango wa swali moja tu: umeona au umesikia? Akisema amesikia, uliza kwa nani, na kama una namba ya huyo, mpigie huyo. Panda ngazi hiyo hiyo mpaka umfikie mwenye macho. Wahenga walituachia "lisemwalo lipo, kama halipo laja", na kwa heshima yao yote, hiyo ndiyo methali inayotumika zaidi kuhalalisha uvumi. Ngazi nyingi nilizopanda ziliishia kwa mtu aliyesoma kwenye kundi lile lile nilikoanzia mimi.

Saa nayo iulize vizuri. Mtu akikwambia "saa tatu", uliza asubuhi au usiku, na uandike hivyo. Nimeona tukio moja la saa tatu asubuhi likageuka matukio mawili, moja la saa tatu na jingine la saa tisa, kwa sababu mtu mmoja katikati alisoma saa za Kizungu.

Kuhusu sauti za WhatsApp zisizo na sura nitasema kwa kifupi. Usizitumie kuthibitisha kitu. Sauti nyingi za kutengenezwa na kompyuta nilizosikia zinakosea mkazo wa maneno, zinatamka "ng'ombe" kama vile haina ile alama ya juu, na hazipumui katikati ya sentensi ndefu. Lakini zinaboreka haraka, na kesho dalili hizo zitakuwa zimekwisha. Uliza kiongozi huyo alisema hayo wapi, mbele ya nani, na kama kuna mwingine aliyerekodi.

Kutunza

Narudi kwa kijana wangu. Video yake ya pili ilikuwa na daladala yenye njia iliyosomeka, pikipiki mbili zenye MC, na kibao cha Duka la Dawa Muhimu. Kwa hiyo ni Tanzania, na mji tuliujua. Siku sikuweza kuijua. Nilimwambia usiifute, usimrushie mtu. Nikatoa daftari la dukani, lile la mistari, nikaandika: siku na saa niliyoipokea, imekuja kwa Bluetooth, maneno ya aliyeituma, neno kwa neno kama yalivyo hata kama ni matusi, nilichokiona kwa macho, nisichokijua. Hilo la mwisho liandike refu kuliko mengine.

Faili usilibadilishe jina, usilikate, usiliwekee muziki. Ukilipitisha WhatsApp kama video ya kawaida linabanwa, linapoteza ubora na taarifa zake za ndani, kwa hiyo lihamishe kwa waya au litume kama dokumenti. Weka nakala kwenye kadi ya memori isiyokaa kwenye simu unayotembea nayo.

Na jina la aliyepiga video usiliandike popote. Wala nyumba yake, wala namba yake. Nasisitiza hili kwa sababu ya Azory Gwanda. Alikuwa mwandishi wa kujitegemea Kibiti, mkoani Pwani, akiliandikia gazeti la Mwananchi, kazi ile ile niliyokuwa naifanya mimi, malipo yale yale. Aliandika juu ya mauaji ya Kibiti. Novemba 21, 2017 aliondoka na watu waliokuja na Land Cruiser nyeupe, na hajaonekana tena. Kila ninapofungua daftari namfikiria yeye kwanza. Daftari lako likikamatwa, lisimkamatishe mtu mwingine. Kama kuna sura za watu zinazoonekana kwenye video na inabidi umwonyeshe mtu, zifunike kwenye nakala, asilia iache.

Kusema

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inatoa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayesambaza taarifa za uongo akijua ni za uongo. Intaneti iliporudi Novemba 3 simu zetu zilipokea ujumbe wa polisi ukionya dhidi ya kusambaza picha za kuleta taharuki. Idadi ya waliokufa kwenye vurugu za siku zile za uchaguzi bado inabishaniwa. Kwa hiyo unaposema, sema kipimo chako, usiseme zaidi. Mimi natumia maneno manne tu kwenye kundi la mtaa wetu: ya uongo, ya kweli lakini ya zamani, ya kweli, haijathibitika. Na kila neno nalifuatisha na sababu moja ambayo mtu anaweza kuikagua mwenyewe. "Ya uongo, magari yanapita kulia." "Haijathibitika, mahali tumepajua, siku hatujaijua." Usimwite aliyeituma mjinga. Mara nyingi ni baba mkwe wa mtu, na akiaibika mbele ya kundi atahamia kundi ambalo hakuna anayemuuliza.

Ukikosea, rekebisha kundi lile lile, kwa herufi kubwa zile zile, na utaje kosa lenyewe. Mwaka jana niliiita barua moja ya uongo kwa sababu ya muhuri wa kidijitali. Ilikuwa halali, na kuna kijana alikaribia kukosa usaili. Niliandika: "Nilisema barua ya jana ni ya uongo. Nilikosea. Ni halali, nimeithibitisha kwa simu leo saa nne asubuhi. Waambieni mliowaambia." Kisha nikampigia mama yake.

Video ya pili ya yule kijana tuliijua siku yake wiki mbili baadaye. Mwalimu mmoja wa mji ule alikuja kutoa kopi za mitihani, nikamwonyesha kona ya picha tu, yenye duka la dawa na mlango wake uliovunjika, bila kumwambia kitu. Akasema mlango ule ulivunjwa Jumatano ya uchaguzi na ulikuwa umeshatengenezwa Jumapili. Nimempigia fundi aliyeutengeneza, amesema hivyo hivyo. Nimeongeza mstari kwenye daftari: ya kweli, Oktoba 29, mashahidi wawili wasiojuana.